Bima ya vyombo vya muziki kwenye nyumba yenye paka au mbwa: soma vitenzi kabla hujalipa

Nianze na kilichonikuta manake ndo kilichonifundisha. Nina mbwa, wakati ule alikuwa na miezi 5, umri ambao meno ya utoto yanatoka na ya ukubwa yanaota, fizi zinamsumbua anatafuna kila anachokikuta mbele yake. Nikatoka chumbani dakika chache tu kupokea simu, kurudi nakuta ameing'ang'ania kebo ya maiki mdomoni anaivuta kwa nguvu zote, stendi imelala, maiki iko chini, wavu umebonyea upande mmoja na ule utando mwembamba wa ndani unaopokea sauti umechanika. Kebo ina matundu ya meno mpaka shaba inaonekana.

Nilikuwa na bima ya vitu vya ndani ya nyumba, tena nilikuwa nimeongezea kile kipengele cha uharibifu wa bahati mbaya, so nikawa na amani kabisa. Nikapeleka madai, jibu likarudi kwamba uharibifu wa mnyama wa nyumbani haufidiwi. Nilikaa na ule mkataba usiku, nikautafuta mstari wenyewe, na mstari haukusema hivyo. Ulisema hawalipi uharibifu unaotokana na mnyama wako "kutafuna, kukwaruza, kurarua au kuchafua". Basi, umeishia hapo. Kebo ilitafunwa, hiyo sikubishana nao hata kidogo. Lakini maiki haikutafunwa, haikukwaruzwa, haikuraruliwa wala haikuchafuliwa, maiki ilianguka. Nikawaandikia hivyo hivyo kwa utaratibu, na picha juu, baada ya wiki kadhaa maiki ikalipwa, kebo nikainunua mwenyewe.

Tangu hapo nikipewa mkataba wa bima naanza na vitenzi. Nikikuona una studio ya nyumbani, au hata gitaa moja na kinanda, na kuna mnyama anazunguka humo ndani, nataka ufanye hivyo hivyo KABLA ya kulipa na sio usiku ule ambao tayari kitu kimeshavunjika. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: orodhesha kila kitu, na useme kinakaa wapi

Daftari linatosha, jedwali kwenye kompyuta ni zuri zaidi. Kila chombo andika jina na modeli, siriali namba, mwaka ulionunua, bei ya kukinunua kipya LEO (sio ile uliyolipa miaka 6 iliyopita), halafu andika kinakaa wapi: sakafuni, juu ya meza, kwenye stendi, ukutani. Hiyo ya mwisho wengi hawaiandiki na mimi naona ndo ya muhimu kuliko, kwa sababu mbwa kazi yake ni vya chini na paka hana mpaka, ukishaona kwenye karatasi kwamba nusu ya mali yako iko usawa wa mdomo wa mbwa utajua bima yako inatakiwa ikulinde na nini.

Usisahau vidogo vidogo. Kebo, adapta, pedali, stendi, hedifoni, mifuko ya gitaa. Mtu anakata bima ya kinanda na spika anaacha hivyo, kumbe ndivyo vinavyotafunwa kwanza, na ukivijumlisha vyote unaweza kushangaa vinafika bei ya chombo kimoja kikubwa.

Siriali namba ya gitaa la umeme angalia nyuma ya kichwa au kwenye bamba linaloshika shingo, gitaa la kawaida chungulia ndani ya tundu la sauti kuna karatasi imebandikwa, kinanda na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) geuza uangalie chini au nyuma. Vingine havina kabisa, hapo piga picha ya alama yoyote ya pekee, mkwaruzo wa zamani, stika, chochote.

Na ukiwa unapiga picha piga vikiwa vizima, karibu, mchana kwenye mwanga. Koni ya spika (ile sehemu inayotikisika kutoa sauti), shingo ya gitaa, vitufe vya kinanda, na kona zote. Sababu ni kwamba siku ukidai watu wa bima wanauliza huu mkwaruzo ulikuwepo au ni mpya, na bila picha ya kabla huna cha kuwajibu. Hizo picha na risiti zihifadhi nje ya laptopu ya studio, jitumie kwenye imeili yako au uziweke mtandaoni, manake hiyo laptopu yenyewe nayo ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kumwagiwa maji.

Hatua ya 2: mjue mnyama wako kwa vitenzi

Hapa chukua orodha ya vyombo, pembeni andika mnyama wako anaweza kukifanya nini kila kimoja. Sio "kuharibu", hapana, andika kitendo chenyewe.

Kutafuna: kebo, waya za hedifoni, mpira wa pedali, ncha za fimbo za dramu. Sungura naye usimsahau, kwa waya sungura ni hatari kuliko hata mbwa, na anakata safi kama mkasi.

Kukwaruza: kitambaa cha mbele ya spika. Paka anatafuta kitu chenye nyuzi ambacho kucha zinakamata, kitambaa cha spika au zulia lililogundishwa kwenye boksi la ampu (kikuza sauti) ndo kitu hicho hasa, na akishapita kitambaa nyuma yake kuna koni.

Kuangusha: hii ndo kubwa kwa magitaa. Mkia wa mbwa mkubwa mwenye furaha unapiga stendi, gitaa linaanguka kifudifudi au chali, na yale magitaa ambayo kichwa kimelala kwa nyuma yakianguka chali yanapasuka pale pale shingo inapokutana na kichwa. Fundi mzuri anagundisha na litapiga vizuri tu, lakini bei yake ukitaka kuuza imeshuka, na hiyo bei iliyoshuka ni hasara ya pili ambayo bima nyingi hazina habari nayo, ntaigusia huko chini.

Kukojoa na kutapika: paka dume ambaye hajahasiwa anapulizia mkojo kwenye vitu vilivyosimama wima kuweka alama ya eneo lake, na spika ya sakafuni imesimama wima. Mkojo una chumvi, zikiwa majimaji zinapitisha umeme na zikikauka zinaendelea kula shaba ya saketi kidogo kidogo, kwa hiyo mikisa iliyokojolewa inaweza kuwaka leo ikafa baada ya mwezi.

Kumwaga: glasi ilikuwa mezani, paka akaisukuma, maji yakaingia kwenye kinanda. Kitendo ni cha paka lakini kilichoharibu ni maji, na kwenye mkataba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna vile vya taratibu. Paka kulala juu ya ampu kwa sababu ina joto, akaziba matundu ya hewa siku baada ya siku. Manyoya kuingia kwenye slaida za mikisa mpaka zinakwaruza sauti. Unyevu, harufu, vumbi. Vitu hivi nakwambia mapema usiviwekee tumaini, karibu kila bima inalipa tukio la ghafla lenye siku na saa yake, uharibifu unaoingia polepole unahesabiwa kuwa ni uchakavu na matunzo, dawa yake ni kitambaa cha kufunika na kusafisha.

Hatua ya 3: jua unanunua bima ya aina gani

Bima ya kawaida ya vitu vya ndani inalipa majanga yaliyotajwa kwa majina: moto, wizi wa kuvunja, radi, mafuriko, bomba kupasuka. Mbwa kuangusha gitaa hayumo kabisa kwenye hiyo orodha. Watu wengi wana bima hii wanadhani wamekingwa na kila kitu.

Juu yake kuna nyongeza ya uharibifu wa bahati mbaya, unalipia zaidi. Hii ndo inayogusa kuangusha, kumwaga, kuvunja. Na ndani ya nyongeza hii hii ndo kile kifungu cha wanyama huwa kinajificha.

Halafu kuna bima ya vitu vilivyotajwa kimoja kimoja, wengine wanaiita ya hatari zote. Unaorodhesha kinanda hiki, gitaa lile, kwa thamani yake, na mara nyingi inakufuata hata nje ya nyumba. Jina "hatari zote" lisikudanganye, maana yake ni kila kitu ISIPOKUWA kilichoandikwa kwenye ukurasa wa yasiyofidiwa, kwa hiyo kazi yote inahamia kwenye huo ukurasa.

Na kuna bima maalum za vyombo vya muziki, zinauzwa na kampuni zinazojua muziki. Kwa mtu mwenye vyombo vya maana mimi naegemea hapa. Wanaelewa kuwa gitaa lililogundishwa shingo limeshuka thamani na baadhi yao wanalipa hiyo tofauti, wengine wanakulipia hadi kukodi chombo cha muda wakati chako kiko kwa fundi. Lakini na wao kuna walioandika kifungu cha wanyama na kuna ambao hawajaandika, huwezi kujua mpaka usome.

Kuhusu bima ya mnyama mwenyewe, ile ya matibabu ya mbwa au paka: nyingi zinalipa daktari wa mifugo, na zingine zinalipa kama mbwa wako amemdhuru mtu au kuharibu mali ya MTU MWINGINE. Mali yako mwenyewe hapo haimo. Usinunue hiyo kwa ajili ya kinanda chako.

Hatua ya 4: fungua ukurasa wa yasiyofidiwa, soma vitenzi

Hapa ndo nataka utulie. Omba mkataba kamili kabla ya kulipa, sio kile kikaratasi cha matangazo, sio muhtasari wa kurasa 2. Ukiwa ni faili kwenye simu tafuta neno "mnyama", halafu "wanyama", halafu "paka", "mbwa", "wadudu", "panya", na kama mkataba umeandikwa kwa lugha nyingine tafuta kwa lugha hiyo. Utakutana na mojawapo kati ya hali tatu.

Ya kwanza ni orodha ya vitenzi, kama ule wangu: kutafuna, kukwaruza, kurarua, kuchafua. Ukiona hivi chukua ile orodha yako ya hatua ya 2 uziweke pamoja. Kilichomo kwenye vitenzi vyao hakilipwi, kisichokuwemo (kuangusha, kumwaga, kuvuta) una hoja nzuri ya kulipwa. Sheria za nchi nyingi zinasema maneno ya mkataba yakiwa na utata yanafasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni. Kwa hiyo neno lisilokuwepo ni mali yako.

Ya pili ni sentensi ya jumla: "uharibifu wowote uliosababishwa na wanyama wa nyumbani". Hii inafunga mlango. Kuangusha imo, kumwaga imo, kila kitu kimo. Ukiwa na mnyama na mkataba una sentensi hii, nenda kwingine au uombe waiondoe kwa maandishi hata kama ada itapanda.

Ya tatu ni kimya, hawajataja wanyama popote. Ni habari njema lakini usishangilie bado, soma na vifungu vya jirani: "uchakavu", "uharibifu wa polepole", "unyevu", "kuharibika kwa mitambo au umeme". Mkojo wa paka wanaweza kuusukumia huko.

Sasa cheki vitu viwili vingine. Kwanza, mnyama wa nani? Vifungu vingine vinasema "mnyama wako" au "mnyama anayefugwa kwenye nyumba hiyo", maana yake mbwa wa rafiki aliyekuja kukutembelea hayumo kwenye katazo na hasara yake inaweza kulipwa. Vingine vinasema "mnyama yeyote", hapo hata wa mgeni yumo. Panya, nondo na wadudu wengine mara nyingi wana kifungu chao peke yao na hawalipiwi, mwenye piano aliangalie hili kwa makini kwa sababu nondo wanakula ile feliti ya nyundo (kitambaa kinene cha sufi), na mwenye fidla pia, kuna wadudu wanaokula nywele za upinde ndani ya boksi lililofungwa.

Pili, hicho kifungu kimekaa SEHEMU gani ya mkataba? Mara nyingi kiko ndani ya sehemu ya uharibifu wa bahati mbaya tu, hakiko kwenye sehemu ya moto. Mbwa akitafuna waya wenye umeme, waya ukapiga shoti, chumba kikaungua, hapo hudai kutafunwa kwa waya, unadai moto, na moto una sehemu yake. Vivyo hivyo tangi la samaki likipasuka maji yakafika kwenye ampu iliyoko chini, soma sehemu ya kuvuja kwa maji, mikataba mingine inalitaja kabisa tangi la samaki humo.

Hatua ya 5: uliza kwa maandishi, tukio kwa tukio

Usipige simu ukaridhika. Wakala atakwambia "usijali tunalipa" na hana nia mbaya, lakini siku ya siku anayeamua sio yeye, na maneno ya simu hayana pa kushikwa. Andika imeili. Mimi nimekuwa nikiandika namna hii, unaweza kuichukua ilivyo:

"Habari za kazi. Nahitaji kukatia bima vyombo vya muziki vilivyomo kwenye orodha niliyoambatanisha. Nyumbani nina mbwa mmoja na paka wawili, wanaingia kwenye chumba chenye vyombo. Naomba mnijibu kwa maandishi, kwa kila tukio hapa chini mtalipa au hamtalipa, na ni kifungu namba ngapi kinachosema hivyo. (1) Mbwa anagonga stendi, gitaa linaanguka na shingo inavunjika. (2) Paka anamwaga maji kwenye kinanda. (3) Paka anakwaruza koni ya spika. (4) Mbwa anatafuna kebo, na kwa kuivuta anaangusha maiki. (5) Paka anakojolea mikisa. (6) Mbwa wa mgeni anafanya mojawapo ya haya. Ahsanteni."

Badilisha matukio kulingana na wanyama wako. Muhimu ni ile "kifungu namba ngapi", bila hiyo utajibiwa maneno matamu ya jumla. Jibu likija lihifadhi pamoja na mkataba. Wakigoma kujibu kabisa, au wakijibu "inategemea" kwa yote sita, na hilo ni jibu, tafuta wengine.

Hatua ya 6: hesabu ambazo zinawaumiza watu

Thamani ndogo. Mtu anataka ada iwe ndogo anaandika vyombo vyake vina thamani nusu ya ukweli, anajisemea akipata hasara ndogo si itatosha tu. Haiendi hivyo. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: chukua namba, vyombo vyote kuvinunua upya ni 4,000,000, wewe umeandika 2,000,000, paka anaangusha kinanda cha 1,000,000. Umekata bima ya nusu, wanakulipa nusu ya hasara, 500,000, japokuwa hasara iko chini kabisa ya kiwango ulichoandika. Ndo maana hatua ya 1 nimesisitiza bei ya leo.

Kiwango cha juu kwa kitu kimoja. Bima ya vitu vya ndani huwa na kikomo kwa kila kitu kimoja kisichotajwa kwa jina. Chombo kinachozidi hapo lazima kiandikwe peke yake la sivyo utalipwa mpaka kwenye kikomo tu.

Kiasi unachobeba mwenyewe. Karibu kila dai kuna kipande unakatwa. Kikiwa 150,000 basi kebo au hedifoni ya bei ya chini ya hapo sahau, haitalipwa hata kama kifungu kinaruhusu. Ukikubali kubeba kikubwa ada inashuka, na kwa mtu ambaye hofu yake ni gitaa moja la thamani hiyo ni sawa kabisa, kwa mtu ambaye hofu yake ni kebo kumi ni hasara tupu.

Kipya kwa cha zamani au kutoa uchakavu. Uliza kama wanalipa bei ya kipya au wanakata miaka ya matumizi. Kwa vyombo vya kielektroniki tofauti ni kubwa. Kwa gitaa la zamani ambalo bei imepanda badala ya kushuka omba thamani iliyokubaliwa mapema, yaani mnaandikiana namba na siku ya hasara hakuna kubishana.

Jozi. Hili watu wa studio lisikieni. Spika za kusikilizia zinauzwa mbili, zinalingana. Paka akiharibu moja, mikataba mingi inalipa hiyo moja tu, na kama modeli imeshaacha kutengenezwa unabaki na mbili zisizolingana, ambazo kwa kumiksi hazifai. Tafuta kifungu cha jozi na seti, uulize kabla.

Na kazi. Ukilipwa kurekodi watu nyumbani, au kufundisha kinanda, bima ya nyumba inaweza kukataa kwa kusema hivyo ni vifaa vya biashara. Waambie tu mapema, kuna ada ya ziada lakini unalala usingizi.

Hatua ya 7: sema ukweli kuhusu mnyama

Fomu ikiuliza una wanyama, jibu wangapi na wa aina gani. Usifiche mbwa ili ada ishuke. Kuficha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao ni sababu ya kukataa dai zima, na katika sheria nyingi wanaweza kuuvunja mkataba wenyewe. Na picha za madai zitakuwa na alama za meno, sasa utasema ni meno ya nani?

Pia kuna kifungu cha kuchukua tahadhari za kawaida. Hawategemei umfunge mnyama maisha yake yote, wanachotaka kujua ni kama ulijua hatari ukaiacha. Dai la kwanza la kebo kutafunwa ni bahati mbaya, la tatu kwenye chumba kile kile mlango ukiwa wazi litaonekana ni uzembe. Kwa hiyo funga mlango ukitoka, magitaa yapandishe ukutani kama unaweza, kebo zipitishe kwenye bomba la plastiki au ndani ya trei chini ya meza, kinanda kifunike, vinywaji visikae meza moja na vyombo, spika za sakafuni ziwekee wavu wa chuma badala ya kitambaa. Paka mpe nguzo yake ya kukwaruza humo humo chumbani karibu na spika, akiwa na kitu kitamu zaidi cha kucha anaiacha spika. Piga picha ya mpangilio huo pia, ni ushahidi kwamba ulijitahidi.

Hatua ya 8: siku yenyewe ikifika

Mwangalie mnyama kwanza. Waya wenye umeme unamuunguza mdomo, vipande vya plastiki akivimeza vinamziba, so zima umeme ukutani ndipo umkaribie, na kama ametafuna waya uliokuwa na umeme mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima.

Halafu usiguse kitu. Najua mkono unawasha kusimamisha gitaa lilipoanguka. Piga picha kwanza, kutoka mlangoni, halafu karibu, alama za meno au kucha weka na rula pembeni. Kifaa kilicholowa USIKIWASHE kuona kama kizima, hapo ndipo watu wanapokiua kabisa, chomoa umeme, geuza maji yatoke, na kiache. Na vipande vyote viweke kwenye mfuko, hata kitambaa kilichoraruka, hata skrubu, kampuni inaweza kutaka kuviona na ukivitupa umetupa dai lako.

Toa taarifa haraka, soma mkataba unasema siku ngapi, ukichelewa wanaweza kukataa kwa hilo tu. Usitengeneze chochote kabla hawajakubali. Chukua makadirio kwa fundi wa vyombo vya muziki na mwambie aandike CHANZO: "shingo imevunjika kwa kuanguka", "maji yameingia kwenye saketi". Fundi akiandika "kinanda kibovu" tu hajakusaidia.

Na maelezo yako yaandike kwa mfuatano wa matukio, kila tendo na kitenzi chake cha kweli. Mimi sikuandika "mbwa ameharibu maiki". Niliandika: mbwa aliivuta kebo, kebo ikavuta stendi, stendi ikaanguka, maiki ikagonga sakafu. Usiongeze, usipunguze, na usiseme ni wewe uliyeangusha kama sio wewe, huo ni udanganyifu na unakupotezea bima yote. Huna haja ya uongo, ukweli ukipangwa vizuri unafanya kazi.

Hatua ya 9: wakikataa

Omba kukataliwa kwa maandishi, na wataje kifungu. Kisome. Kitenzi kilichoko kwenye barua yao kipo kwenye mkataba? Kama mkataba unasema "kukwaruza" na barua inasema "uharibifu wa wanyama", wamepanua maneno yao wenyewe, waonyeshe mstari kwa mstari bila matusi. Gawanya dai: kitu hiki kilitafunwa naondoa, kitu hiki kilianguka nadai. Ukiondoa mwenyewe kisicholipwa wanakuamini kwa kilichobaki, kwangu ndo kilichofanya kazi. Wakishikilia, peleka malalamiko rasmi ndani ya kampuni, na nchi nyingi zina mamlaka ya kusimamia bima au msuluhishi wa migogoro anayesikiliza walalamikaji bila gharama kubwa. Ile imeili ya hatua ya 5 ndo utaibeba huko.

Nimalizie na vyombo visivyo vyako, manake hapa watu wanagombana na marafiki. Ukiazima ampu ya mtu na mbwa wako akaiharibu, ile bima yako ya kulipia madhara kwa wengine mara nyingi haihusu mali iliyokuwa mikononi mwako, hivyo aliyekukopesha hatapata kitu kupitia huko. Kabla ya kuazima au kukodi, muulize mwenye nacho kama bima yake inakifuata kikiwa kwako, au kiongeze kwenye orodha yako kwa kipindi hicho. Kinyume chake, mbwa wa rafiki akikuharibia kinanda nyumbani kwako, mwenye mbwa anaweza kuwa na bima inayolipa mali ya wengine, mwombe jina la kampuni yake siku hiyo hiyo mkiwa bado mnasalimiana vizuri.

Na kila mwaka kabla ya kulipia tena, toa ile orodha, ongeza ulichonunua, futa ulichouza, rekebisha bei, taja mnyama mpya kama yupo. Halafu fungua ule ukurasa wa yasiyofidiwa wa mkataba MPYA usome tena vitenzi, maana huwa wanavibadilisha. Wangu mwaka uliofuata waliongeza "kuangusha", nikahama.